Karne Nne Mlangoni pa Wakhmer

Mtawa Gaspar da Cruz aliondoka Kambodia mwaka 1556 akiwa amebatiza mtu mmoja tu, na huyo mmoja alimwacha kaburini. Alikuwa Mreno wa shirika la Wadominiko. Mwaka uliotangulia alikuwa ameingia Longvek, mji mkuu wa wakati ule, akitumaini kwamba Mfalme Ang Chan akishakubali, raia watafuata. Mfalme alimkaribisha, na mambo yakaishia kwenye kukaribishwa. Da Cruz akapanda meli kwenda China, baadaye akaandika kitabu kuhusu nchi hiyo kilichochapwa Ureno mwaka 1570, mwaka ule ule aliokufa kwa tauni. Kurasa chache za kitabu hicho zinawahusu Wakhmer, wenyeji wa Kambodia. Zinasomeka kama taarifa ya mtu aliyeshindwa kazi na anayejua vizuri kwa nini ameshindwa.

Kwanza, alieleza, huko kila kitu ni cha mfalme. Mwenye nyumba akifa, mali yote inarudi ikulu, mjane na watoto wanaficha wanachoweza kuficha. Katika nchi ya namna hiyo nani atathubutu kubadili dini bila idhini? Pili, kulikuwa na watawa wa Kibudha. Alikadiria kwamba thuluthi moja ya wanaume walikuwa wamevaa kanzu za utawa, na watu waliwaheshimu kiasi cha kutothubutu kuwabishia.

Hiyo thuluthi huenda imetiwa chumvi. Wasafiri wa zamani walipenda namba kubwa. Lakini Da Cruz aliona jambo ambalo wamisionari waliomfuata waligonga mwamba kwalo kwa miaka mingine mia nne. Kwa Mkhmer, pagoda haikuwa mahali pa kwenda kusali tu. Ndiko mvulana alikojifunza kusoma, ndiko alikonyolewa nywele na kuvaa kanzu kwa msimu mmoja au zaidi ili kuwalipa fadhila wazazi wake, ndiko bibi yake alikokwenda uzeeni, na ndiko majivu ya babu zake yalikohifadhiwa. Kumwambia mtu wa hivyo aache Ubudha ni kumwambia awaache wafu wake. Wakristo waliofika Kambodia kwa nyakati tofauti walikuja na vitabu, dawa, shule na hata bunduki. Wachache sana walikuja na jibu la swali hilo la wafu.

Bunduki zilikuja mapema. Mwaka 1593, mwaka ambao Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, Mfalme Satha wa Kambodia alikuwa akiwaomba Wahispania wa Manila wamsaidie dhidi ya Siam. Msaada haukufika kwa wakati, na Longvek ilianguka mwaka 1594. Waliofika ni watafuta bahati wawili, Mhispania Blas Ruiz na Mreno Diogo Veloso, ambao kwa mchanganyiko wa ujasiri na ujeuri walimuua mtu aliyekuwa amekalia kiti cha enzi, wakamrudisha mwana wa Satha, wakapewa majimbo ya kutawala. Mapadri walikuwa katika msafara huo. Mwaka 1599 Ruiz, Veloso na wenzao wengi waliuawa katika mapigano na Wamalay na Wacham waliokuwa na nguvu kubwa nchini. Ukristo ukaingia katika kumbukumbu za ikulu ya Wakhmer kama dini ya watu wenye mizinga, wanaopindua wafalme.

Msomaji wa pwani atapenda kujua kwamba Uislamu nao ulijaribiwa kwa njia ya ikulu. Mfalme Ramathipadi wa Kwanza, aliyeshika utawala mwaka 1642, alisilimu, akajiita Ibrahim na kuoa mke wa Kimalay. Raia hawakumfuata. Mwaka 1658 alipinduliwa kwa msaada wa majeshi kutoka Vietnam, na wafalme waliofuata walirudi kwenye Ubudha. Kwa hiyo Da Cruz alikuwa amekosea katika hesabu moja: hata mfalme mwenyewe angekubali, pagoda ingebaki palepale.

Kanisa la kwanza lenye kudumu halikuletwa na wahubiri. Lililetwa na wakimbizi. Katika miaka ya 1660 Waholanzi waliwashinikiza watawala wa Makassar, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, wawafukuze Wareno, na baadhi yao wakakimbilia Kambodia na kukaa kando ya mto Tonle Sap, upande wa Ponhea Lu. Wakaoa Wakhmer. Baada ya vizazi viwili vitatu walikuwa watu weusi kwa jua la huko, wanaozungumza Kikhmer, wenye majina ya Kireno na rozari ukutani. Wafalme waliwatumia kama wapiga mizinga na wakalimani. Ukoo wa De Monteiro ulifika hadi kutoa waziri katika utawala wa Mfalme Norodom, karne ya 19. Hao ndio Wakatoliki wa kale zaidi wa Kambodia, na walikuwa wachache hivi kwamba mtu angeweza kuwafahamu karibu wote kwa ukoo.

Wafaransa walipoanza kutuma mapadri, kupitia Shirika la Misioni za Nje la Paris, adui yao wa kwanza hakuwa mtawa wa Kibudha. Alikuwa Mkatoliki mwenzao. Ureno ilidai kuwa ina haki ya pekee ya kusimamia misioni Mashariki, kwa hiyo padri Louis Chevreul, aliyefika mwaka 1665, alikamatwa na Wareno, akapelekwa Macau na kisha Goa mbele ya Mahakama ya Inkwizisheni. Mtu anaweza kucheka, lakini wenyeji waliokuwa wakitazama ugomvi huo sidhani walipata hamu ya kujiunga.

Aliyefanya kazi ya maana zaidi karne ya 18 ni padri asiyejulikana sana, Gervais Levavasseur. Alikaa na Wakhmer, akajifunza lugha yao kwa undani, akatunga katekisimu na kamusi ya Kikhmer. Alikufa mwaka 1777. Baada yake vita kati ya Siam na Vietnam, ambavyo uwanja wake ulikuwa Kambodia, vilifagia karibu kila alichopanda.

*

Mwaka 1850 Roma iliitenga Kambodia kuwa vikarieti yake yenyewe, chini ya Askofu Jean-Claude Miche. Mwaka huo huo mmoja wa mapadri wake, Charles-Émile Bouillevaux, alifika kwenye magofu ya Angkor, miaka kumi kabla ya Henri Mouhot ambaye Ulaya ilimpa sifa zote. Bouillevaux hakulalamika sana, ingawa hakusahau. Miche mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine. Mfalme Ang Duong, akiwa amebanwa kati ya Siam na Vietnam, alitafuta rafiki wa mbali, na askofu akawa mtu wa kati wa mawasiliano na Ufaransa. Mwaka 1863 mwana wa Ang Duong, Norodom, alitia sahihi mkataba uliomweka chini ya ulinzi wa Wafaransa. Ulinzi huo ulidumu miaka 90.

Hapo ndipo mtu angetegemea Kanisa kuchanua, na kwa hesabu lilichanua kweli. Lakini lilichanua kwa Wavietnam. Wakatoliki wa Vietnam walikuwa wakiteswa na wafalme wao na wengi walivuka mpaka kukimbilia Kambodia. Baadaye serikali ya kikoloni ikawaleta wengine kuwa makarani, wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya mpira. Vijiji vizima vya Kikatoliki vikaota kando ya Mekong, na sala ndani yake zilikuwa za Kivietnam. Mapadri wa Kifaransa, wakiwa wachache, walikwenda kule walikopata waumini. Ni rahisi kuwalaumu leo. Padri mwenye parokia ya watu elfu mbili wanaotaka sakramenti hana muda wa kukaa miaka kumi katika kijiji cha Wakhmer ambako hakuna hata mmoja anayetaka.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Wakhmer walikuwa na sababu za kihistoria za kuwaogopa Wavietnam waliokuwa wamemeza eneo la delta ya Mekong kipande kwa kipande. Sasa wakaona kwamba dini hii ni ya Mfaransa anayetawala na ya Mvietnam anayehamia. Mkhmer aliyebatizwa alionekana amejivua ukhmer wake. Kasisi wa kwanza Mkhmer, Simon Chhem Yen, alipadirishwa mwaka 1957. Yaani miaka 400 kamili, na ziada, tangu Da Cruz afunge virago.

Waprotestanti walianza upya, bila mzigo wa Wareno wala wa Wavietnam, lakini hawakufika mbali zaidi. Wamarekani wa shirika la Christian and Missionary Alliance waliingia mwaka 1923. Arthur Hammond na mkewe walibaki Phnom Penh, wenzao akina Ellison wakaenda Battambang na kufungua shule ya Biblia. Hammond alijipa kazi ya kutafsiri, na Biblia nzima ya Kikhmer ilitoka mwaka 1954. Katika miaka ya 1930 ikulu ilibana mahubiri kwa amri. Mwaka 1965 Mwanamfalme Sihanouk, kiongozi wa nchi, alivunja uhusiano na Marekani na wamisionari Wamarekani wakatakiwa kuondoka. Kufikia mwaka 1970, baada ya karibu nusu karne, waumini wote wa Kiprotestanti nchini hawakufika elfu moja.

Halafu nchi ikaanza kubomoka, na ghafla milango ikafunguka.

Machi 1970 Jenerali Lon Nol alimpindua Sihanouk. Wiki zilizofuata zilikuwa za mauaji ya Wavietnam, maiti zikielea mtoni Mekong, na mamia ya maelfu waliobaki wakarudishwa Vietnam. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waumini zaidi ya 60,000, likabaki na elfu chache. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, Wakatoliki wengi waliokuwa wamekaa kanisani walikuwa Wakhmer. Mapadri wachache, François Ponchaud akiwamo, waliona katika msiba huo nafasi ya kuanza kufanya walilopaswa kufanya tangu mwanzo: kusali Kikhmer, kukaa kwenye mikeka, kusikiliza Wabudha kabla ya kuwahubiria. Sijui kama kuna Kanisa jingine lililolazimika kuzaliwa upya kwa kunyang'anywa karibu waumini wake wote.

Upande wa Waprotestanti, vita viliwang'oa watu vijijini na kuwajaza Phnom Penh. Mji uliojengwa kwa watu laki chache ukabeba zaidi ya milioni mbili. Aprili 1972 Stanley Mooneyham wa shirika la World Vision alifanya mkutano wa injili katika ukumbi wa Chaktomuk, kando ya mto. Mamia walikwenda mbele. Miongoni mwa waliokuwa ukumbini alikuwa kijana aliyetumwa na wakomunisti kupeleleza. Akaokoka, na jina lake, Barnabas Mam, litajitokeza tena. Katika miaka mitatu walokole wa Phnom Penh waliongezeka kutoka mia chache hadi maelfu. Makombora yakianguka mjini, watu walikuwa wakibatizwa. Mmoja wa viongozi wao, Meja Taing Chhirc, alikuwa masomoni Uingereza. Akarudi nyumbani wakati wengine wakitafuta tiketi za kutoka.

Wakatoliki nao walikuwa na mtu wa namna hiyo. Joseph Chhmar Salas, padri mwenye umri wa miaka 37, alikuwa akisoma Paris. Askofu Yves Ramousse alijua mji utaanguka na kwamba Wafaransa wote watafukuzwa au kuuawa, kwa hiyo akamwita Salas arudi. Tarehe 14 Aprili 1975, sauti za mizinga zikisikika, akamweka wakfu kuwa askofu, Mkhmer wa kwanza kupata daraja hilo. Siku tatu baadaye wakomunisti wa Khmer Rouge waliingia Phnom Penh.

*

Yaliyofuata yanajulikana duniani: mji mzima ukatolewa kwa miguu, pesa zikafutwa, shule zikafungwa, na katika miaka mitatu, miezi minane na siku ishirini watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.7 au zaidi walikufa kwa kuuawa, njaa, kazi na maradhi. Hiyo ni karibu robo ya taifa. Ponchaud, aliyefukuzwa kupitia ubalozi wa Ufaransa, alikusanya simulizi za wakimbizi na matangazo ya redio ya Khmer Rouge wenyewe, akachapisha mwaka 1977 kitabu alichokiita kwa Kifaransa Kambodia mwaka sifuri. Kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuieleza dunia yanayotendeka, na wasomi kadhaa wa Magharibi waliokuwa na huruma na mapinduzi walimshambulia kwa hilo. Mwaka 2013 alitoa ushahidi mbele ya mahakama iliyowahukumu viongozi wa utawala huo. Aliishi hadi Januari 2025.

Kwa dini zote, Khmer Rouge hawakubagua. Watawa wa Kibudha kwa makumi ya maelfu walivuliwa kanzu, wengi wakauawa, pagoda zikawa maghala na magereza. Waislamu Wacham walilazimishwa kula nguruwe, vijiji vyao vilivyoasi vikafutwa. Kanisa kuu la Kikatoliki la Phnom Penh, jengo kubwa lililoonekana kutoka mbali, lilibomolewa jiwe kwa jiwe mpaka msingi. Hospitali ya watoto ambayo World Vision ilikuwa karibu kuifungua mjini iligeuzwa mahali pa mateso.

Askofu Salas alipelekwa pamoja na jamaa zake Tangkok, jimbo la Kampong Thom, kulima mpunga na kuchimba mifereji. Alidhoofika kwa njaa na kazi, akafa mwaka 1977 katika pagoda iliyokuwa ikiitwa hospitali. Paul Tep Im Sotha, mkuu wa Kanisa huko Battambang, aliuawa mwaka 1975. Meja Taing Chhirc aliuawa siku za mwanzo kabisa. Ilipofika Januari 1979, majeshi ya Vietnam yalipoingia, hapakuwa na padri hata mmoja Mkhmer aliyekuwa hai ndani ya nchi, na wachungaji waliobaki unaweza kuwahesabu kwa vidole. Mwaka 2015 Kanisa lilifungua rasmi mchakato wa kumtangaza Salas na wenzake kuwa mashahidi wa imani.

Serikali mpya iliyowekwa na Vietnam iliruhusu Ubudha kwa masharti. Ukristo haukuruhusiwa, ulihesabiwa mkono wa mabeberu. Waliobaki walikutana majumbani, watano watano, mlango ukiwa umefungwa.

Kanisa la Wakhmer la siku hizo lilikuwa nje ya Kambodia. Mamia ya maelfu walikuwa wamekimbilia mpakani mwa Thailand, na katika kambi kama Khao-I-Dang, iliyofunguliwa Novemba 1979, makanisa ya mianzi yalijaa. Hapa lazima mtu aseme kweli zote mbili. Wapo waliobatizwa kwa sababu waliamini kwamba Mkristo atapata kirahisi nafasi ya kupelekwa Marekani au Ufaransa, au kwa sababu kanisani kulikuwa na mchele na maziwa ya watoto. Wakifika Long Beach au Lowell huko Marekani, walirudi kimyakimya kwenye pagoda. Wapo pia waliokuwa wamezika watoto wao bila ibada, wasio na mtawa wa kuwaombea wala majivu ya kuhifadhi, na ambao mungu anayesemekana ameuawa kama mhalifu aliwaingia moyoni kwa namna ambayo asingeweza kuingia kabla. Makundi hayo mawili yalikaa benchi moja. Hakuna karani aliyeweza kuwatenganisha, na nadhani baadhi yao wenyewe wasingeweza.

Ni katika kambi hizo Barnabas Mam aliandika nyimbo za injili kwa mamia, akitumia mahadhi ya kale ya Wakhmer, ya harusini na ya jukwaani, badala ya tenzi za Kimarekani zilizotafsiriwa. Waliosikia walisikia sauti ya nyumbani. Kama kuna siku Ukristo ulianza kuwa wa Wakhmer, mimi naiweka hapo, katika kambi ya wakimbizi, zaidi ya mwaka wowote wa mfalme au mkataba.

*

Aprili 1990 serikali iliruhusu tena ibada za Kikristo. Wakatoliki wa Phnom Penh walisherehekea Pasaka hadharani, wakiongozwa na padri Émile Destombes aliyekuwa amerudi, watu wakilia kwa kuona nani yuko hai. Baada ya mkataba wa amani wa Paris wa 1991, Umoja wa Mataifa uliwarudisha wakimbizi zaidi ya 360,000, na kila lori lilikuwa na Wakristo ndani yake. Tafsiri mpya ya Biblia, iliyofanywa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, Ponchaud akiwa mmoja wa watafsiri, ilikamilika mwaka 1997.

Kisha yakaja mashirika. Wakorea, Wamarekani, Wasingapore, Wafilipino, kila mtu na kanisa lake, shule yake ya Kiingereza, kituo chake cha yatima. Mengine yalifanya kazi nzuri sana. Mjesuiti Enrique Figaredo, Mhispania aliyeanza kambini mwaka 1985, alijenga maisha yake juu ya waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini, na viti vya magurudumu matatu vilivyotengenezwa na mafundi ambao wenyewe ni walemavu vikasambaa nchi nzima. Tangu mwaka 2000 ndiye mkuu wa Kanisa Katoliki la Battambang. Mengine yaligawa mchele na kuhesabu waongofu jioni. Mwaka 2003 na tena 2007 serikali ilitoa maelekezo ya kukataza kuhubiri nyumba kwa nyumba na kutumia misaada kuvuta watu. Ponchaud, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, aliwakosoa wahubiri wa namna hiyo kuliko waziri yeyote.

Na katikati ya wimbi hilo ndipo lilipotokea tukio ambalo walokole wa Kambodia wangependa lisiwe ndilo linalojulikana zaidi. Januari 1996, huko Battambang, mchungaji Christopher LaPel, Mkhmer aliyekimbilia Marekani na kurudi kuhubiri, alimbatiza mwalimu mmoja aliyejiita Hang Pin. Mke wa mwalimu huyo alikuwa ameuawa na majambazi miezi michache kabla. Alikuwa mwanafunzi mzuri, anaandika kila kitu, anauliza maswali. Akarudi kijijini kwake, akaanzisha kanisa dogo.

Mwaka 1999 mpiga picha Nic Dunlop, aliyekuwa akitembea na picha ya zamani mfukoni, alimtambua. Alikuwa Kaing Guek Eav, maarufu kama Duch, mkuu wa gereza la S-21 huko Tuol Sleng, ambako zaidi ya watu 12,000 waliteswa wakakiri makosa ambayo hawakufanya, kisha wakapelekwa kuuawa. Duch hakukana. LaPel, ambaye wazazi wake na ndugu zake walikuwa wamekufa chini ya Khmer Rouge, alisema amemsamehe.

Kesi yake ilianza mwaka 2009. Mahakamani Duch alikiri, akaomba radhi kwa manusura, kama alivyolia kabla ya kesi alipopelekwa kwenye gereza lake la zamani. Halafu siku ya mwisho ya hoja, Novemba mwaka huo, akageuka na kuomba aachiliwe. Waliokuwa ukumbini walipigwa na butwaa. Mwaka 2010 alihukumiwa miaka 35. Mwaka 2012 rufaa ikampa kifungo cha maisha, na alikufa Septemba 2020.

Wakhmer wengi Wabudha walilitazama jambo hili kwa jicho ambalo mhubiri anapaswa kulichukua kwa uzito. Kwao tendo lina matunda yake, na mtendaji atayala katika maisha haya au yajayo. Hakuna wa kuyala kwa niaba yake. Mtu aliyeua maelfu kuingia mtoni na kutoka ameoshwa kulionekana kwao njia ya mkato. Wakristo walijibu kwamba hapo ndipo penyewe, msamaha usiomfikia Duch haufiki kwa mtu yeyote. Majibu yote mawili yana nguvu, na sijaona mtu aliyeyapatanisha. Ninachoweza kusema ni kwamba mjadala huo ulikuwa wa Wakhmer kwa Wakhmer: aliyebatiza, aliyebatizwa, waliouawa na waliokasirika. Hakukuwa na Mreno wala Mfaransa wa kulaumiwa.

Kwa namba, wimbi halikuwa kubwa kama lilivyoonekana. Sensa ya 2008 iliwahesabu Wakristo kuwa asilimia 0.4 ya watu wote, na ile ya 2019 ikapata asilimia 0.3, huku Wabudha wakiwa asilimia 97 na Waislamu 2. Wakatoliki ni takriban 20,000, na wengi wao tena ni wenye asili ya Vietnam, wavuvi wa mtoni ambao hata uraia ni tabu kwao. Ndio waliovua sanamu ya Bikira Maria kutoka Mekong huko Areyksat mwaka 2008, na nyingine ikapatikana mwaka 2012, sanamu ambazo huenda zilizama wakati wa Khmer Rouge. Leo mahali hapo ni pa hija. Mwaka 2022 Papa Fransisko alimteua Pierre Suon Hangly kuongoza Kanisa la Kompong Cham, Mkhmer wa kwanza kupewa dhamana ya namna hiyo tangu kizazi cha Salas na Tep Im.

Na lile swali la wafu? Linarudi kila Septemba au Oktoba, wakati wa Pchum Ben, siku 15 ambazo mizimu yenye njaa huachiwa na kuzunguka pagoda saba ikitafuta kama jamaa zao wamewaletea chakula. Alfajiri na mapema watu hurusha matonge ya wali gizani. Mzee ambaye mwanawe ameokoka huwa na hofu moja ya wazi kabisa, na huisema mezani bila aibu: nikifa, nani atanilisha? Wakatoliki wamechagua kuiingiza sikukuu hiyo kanisani, wakafanya misa ya marehemu, wakasoma majina ya babu zao na kuweka chakula mbele ya altare. Makanisa mengi ya kilokole yanakataa, yakisema kwamba wafu hawali. Kuna wachungaji wanaowaambia vijana wao wasiende kijijini kabisa siku hizo. Kuna wengine, hasa waliokulia kambini, wanaowaambia waende, wapike, wakae na wazee siku zote 15, wagharamie hata chakula cha watawa, ila matonge wawaachie wanaoamini. Kila mwaka wachungaji hawa hubishana, Biblia mkononi kwa pande zote mbili, na vijana wengi hungoja mabishano yaanze tena, kisha hupanda basi la kwenda nyumbani.